Kikosi cha Picha za Pasipoti

Toleo la kwanza la katuni yangu lilitoka mwaka 2015, na sidhani kama kuna aliyelisoma. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi kule Randburg, na tajiri aliniachia karatasi zilizoharibika upande mmoja. Nilichora mashujaa wanaoruka juu ya maghorofa ya Johannesburg kuokoa wageni wenzao. Nikawagawia wasusi na mafundi cherehani wa Bertrams na Malvern. Waswahili wa huku wana adabu, Mkongo kwa Mtanzania: walinipokea, wakanishukuru, wakafungia vitumbua.

Aliyeniambia ukweli ni fundi mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, aliyekuwa na duka la kushona mtaa wa Jules. Alisema mashujaa wangu wanakimbia mno. Kukimbia hata yeye anakujua, ndiko kulikomleta huku; anataka watu wanaobaki na kupiga. Nilikasirika, maana mimi ni mtu wa Tanga na sipendi kufundishwa kazi yangu. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikawachora upya, safari hii na bunduki, wakilinda maduka yetu mlango kwa mlango. Toleo la pili liliisha kabla sijafika nusu ya mtaa.

Kisha fundi akaniletea picha yake ya pasipoti, akaomba awe kamanda. Kila mmoja wetu alikuwa na picha hizo ndani ya bahasha, kwa sababu ofisi ya vibali inataka mpya kila unaporudi, na zinazobaki huna pa kuzipeleka. Nikamchora. Baada ya hapo ikawa desturi: ukitaka kuingia Kikosi, lete picha. Msusi akaleta, mlinzi akaleta, muuza viatu akaleta. Ndiyo maana wapiganaji wangu wote wanatazama mbele, midomo wameifunga, masikio yote mawili yanaonekana, hata wakiruka kutoka ghorofani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu wakaenda kubandika ukurasa wao ukutani. Asije mtu leo akaniambia tulikuwa wajinga. Mtu aliyeshinda kwenye foleni akisukumwa kama gunia alikuwa na haki ya kuwa jeshi akirudi nyumbani.

Fujo za 2019 za kuwafukuza wageni zilipozuka, nilikuwa nimekwenda kwa fundi kuchukua suruali. Tulisikia vioo vikivunjwa upande wa chini wa mtaa, akateremsha mlango wa chuma, tukabaki ndani na cherehani zake na joto. Nilidhani tutakaa kidogo tu. Jirani yake, mama wa Kizulu aliyekaanga magwinya, maandazi ya huku, akaja kwenye dirisha dogo la nyuma na kutuonyesha simu yake kupitia nondo. Ukurasa wa katuni yangu ulikuwa unazunguka kwenye makundi ya simu ya mtaani. Maneno ya Kiswahili vijana wa mtaa hawakuyaelewa. Walichoona ni wageni wenye bunduki, na mbele yao kamanda. Vijana walikuwa wanapita duka hadi duka wakiuliza mtu huyu yuko wapi. Mama aliwaambia amehama, lakini hakujua kama wamemwamini.

Nyuma kulikuwa na ukuta wenye vipande vya chupa juu, na mbele walikuwa wao. Fundi alinitazama kwa uso ule ule niliouchora mara nyingi.

"Uniuwe," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Mu kitabu yako. Bote baone nilikufa."

Nilimwambia aache utani. Akanikunjulia karatasi ya kukatia nguo, akanipa kalamu. Basi toleo la mwisho la Kikosi nililichora hapo hapo, ukurasa mmoja: kamanda amelala chali barabarani, bunduki imevunjika, macho yamefumbwa. Uso niliutoa vizuri, kwani kama usingefanana naye usingetusaidia kitu. Juu yake nikaandika jina lake na pole kwa wafiwa. Mama wa magwinya akaupiga picha, akautuma kule kule, na kwa lugha yake akaongeza kwamba yule kamanda ameuawa jana mtaa mwingine na wenzake wanamlilia.

Wakaamini. Makelele yalisogea mbali, ingawa vijana kadhaa walibaki wameegemea mlango wetu wakivuta sigara. Tulikuwa tunasikia wanavyokohoa.

Lakini kwenye makundi hayo wamo Wakongo pia, na siku hizi msiba kwetu hutangazwa hivyo: sura ya mtu, jina lake, pole. Hakuna anayeuliza mara mbili. Alasiri simu ya fundi, aliyokuwa ameizima sauti, ilianza kutetemeka juu ya meza. Aliyepiga ni mama yake, kutoka Uvira. Ikakatika, ikaanza tena.

Nilimnong'oneza ajibu, hata neno moja. Akatikisa kichwa.

"Nikimujibu atapiga vigelegele," alisema. "Kule bote batajua niko muzima. Itarudi mu simu, na hapa batajua."

Akaifunika simu kwa kitambaa, akaikandamiza kwa mikono yote miwili ili isisikike, machozi yakimtoka. Mama yake alipiga mpaka chaji ikaisha.