Ujumbe Uliopanda Bajaji

Mtihani wangu wa mwisho chuoni Mahajanga uliwategemea madereva wa bajaji, nami nilijiona mjanja kwelikweli. Kila dereva nilimpa simu aiweke mbele ya usukani. Simu zile hazikuhitaji mnara. Zilipokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, bajaji hadi bajaji, kutoka mtaa wa Tanambao mpaka darasani kwetu Antanimasaja. Kazi yangu ilikuwa kupunguza zogo. Badala ya kila simu kuziuliza zote njia iko wapi, ilianza na ile inayokutana nayo mara nyingi. Hata umbea haupigiwi mbiu sokoni. Unamnong'oneza shoga yako, naye anajua pa kuufikisha.

Mama alikuwa ametoka kisiwani Nosy Be kwa boti na basi aje anione nikifaulu, maana nikianguka ningerudi kuuza vitambaa dukani kwa mjomba. Nikambembeleza akae kwanza Tanambao kwa shangazi, atume salamu kwa simu niliyomwachia, ndipo dereva amlete.

Siku ikafika. Mwalimu, mtu mpole mwenye maswali makali, akakikodolea macho kioo cha kompyuta. Hakuna ujumbe. Nikachungulia dirishani, na Yarabi! Bajaji zote zimejipanga uani. Madereva, wengi wao binamu na majirani, wamekuja kunishangilia, kwani kwetu sisi wenye asili ya Ngazidja, mwenzako akiwa na siku yake hukai nyumbani. Njiani hakubaki hata mmoja wa kupokea ujumbe. Nilitaka kulia, na nilitaka kuwakaba.

Mara salamu ya mama ikaingia. Darasa zima likapiga makofi. Kabla sijashusha pumzi, mlango ukafunguliwa, mama huyo, leso begani, simu mkononi. Alikuwa amedandia bajaji ya mwisho iliyokuja kunishangilia.

Mwalimu akaniuliza kama mtandao wangu umefanya kazi. Makofi yalikuwa hayajaisha. Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Ujumbe umepanda bajaji pamoja na mama."

Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akanipa nafasi moja tu ya kujaribu tena. Madereva wakarudi vituoni mwao wakitahayari. Ikabaki simu ya mama, iliyotakiwa kuwa Tanambao. Mama hakungoja kuombwa. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema kwa Kingazidja kwamba duka la mjomba lina wauzaji wa kutosha, akageuka, akapanda bajaji, akaenda zake. Safari yote ile, na alinitia machoni kitambo kidogo tu. Iliniuma.

Tukasubiri. Kioo kikawaka, na njia ikajichora polepole, bajaji hadi bajaji, bila zogo lolote. Wenzangu waliojua lugha yetu walianza kucheka kabla mwalimu hajaniomba nimtafsirie ujumbe wa mama.

"Nimefika. Simama wima unapozungumza na watu."

Kweli nilikuwa nimejikunja. Nikasimama wima, nikaendelea.