Ukumbi Aliorudi Nao Bi Tatu

Ngozi ya ngoma ikiota moto ina harufu yake. Si ya nyama, wala si ya kitu kinachoungua. Iko katikati, kavu kidogo, imechanganyika na moshi wa majani. Nyumbani kwetu Ujiji harufu hiyo ilianza kusikika baada ya sala ya alasiri. Mjomba Shabani, kaka yake mama, alikusanya nyasi na makapi ya chikichi, akawasha moto uani, kisha akazisogeza ngoma karibu na kuzigonga kwa ncha ya kidole mpaka zikatoa mlio alioutaka. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikichambua dagaa, na kila ngoma ilipoiva, kama alivyopenda kusema mwenyewe, niliusikia mlio wake kifuani kabla haujafika masikioni. Hapo wanawake wa kikundi walianza kuingia kupitia mlango wa nyuma, wakisalimiana, wakifunga kanga viunoni, na ua wetu, ambao asubuhi ulikuwa wa kuanikia nguo tu, ukageuka kuwa mahali ambapo mtaa mzima ulitamani kuwepo.

Kiongozi wao alikuwa Bi Tatu. Alikuwa jirani yetu, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyekuja Ujiji kutoka Kidahwe kabla mimi sijazaliwa. Aliishi peke yake, hakuwa na mume wala mtoto, na kazi yake ilikuwa kuuza mawese sokoni Mwanga. Alikuwa ndiye msukaji wa nywele zangu, na vidole vyake vilinukia mawese hata baada ya kunawa. Yeye aliimba, mama alicheza na kuongoza kiitikio, Mjomba alipiga. Waliitwa kwenye harusi, kwenye kutoa watoto nje, hata boti mpya iliposhushwa majini. Popote walipokwenda, watu hawakutazama tu. Walizunguka, waliitikia, waliingia katikati wakacheza, walimfunga kanga mchezaji aliyewafurahisha, na vigelegele vilipopanda usingeweza kumsikia mtu aliyesimama ubavuni pako. Mimi nilidhani ngoma ndivyo ilivyo dunia nzima.

Kiangazi kimoja alikuja mtu wa utamaduni kutoka wilayani, akakaa kwenye kiti chetu kizuri, akasema kikundi kimechaguliwa kwenda Dar es Salaam kuonyesha ngoma kwenye ukumbi wa sanaa. Nakumbuka jinsi mama alivyoendelea kupepeta mchele kana kwamba hakusikia, halafu ungo ukamtoka mikononi. Walisafiri kwa treni, ngoma zimefungwa kwenye magunia, na mimi nikabaki na bibi. Kabla hajaondoka nilimwomba mama atazame kila kitu vizuri, asisahau hata kimoja, aje anieleze. Aliniahidi. Siku za kuwasubiri nilizunguka ufukweni na watoto wenzangu nikiwaelezea ukumbi ambao hata mimi sikuujua. Niliwaambia una ghorofa ndani yake na samaki wa dhahabu mlangoni.

Waliporudi, mtaa ulihamia kwetu. Watu walikaa kwenye mikeka, kwenye ngazi, wengine ukutani, na hakuna aliyetaka habari za treni. Walitaka kujua Dar kuna nini, na je, ni kuzuri kama inavyosemwa. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo halikuwahi kunijia akilini: watu watatu walikwenda mahali pamoja, siku zilezile, na wakarudi na miji mitatu.

Mjomba alikuwa wa kwanza. Kwa maoni yake, jambo kubwa kwenye ule ukumbi lilikuwa sakafu. Ilikuwa ya mbao, chini yake kuna uwazi, na ukiikanyaga inakujibu, kama vile umesimama juu ya ngoma nyingine. Hilo alilipenda. Hakupenda kwamba walikatazwa kuwasha moto, ikabidi aanike ngoma juani kwenye maegesho ya magari, akizihamisha kila gari lilipotaka kuingia. Bahari aliiona, akanawa uso, akatema. Alisema ni maji mazuri kuyatazama, lakini hayafai hata kufulia, na ufukweni kwenyewe wamejenga uzio na kumweka mlinzi, mtu akitaka kuoga anaanza kwa kukata tiketi. Watu walicheka sana kusikia tiketi ya kuoga. Mzee mmoja aliuliza kama na jua nalo lina tiketi.

Mama alisema walipelekwa kwenye nyumba ya picha, kuta nyeupe tupu na picha zimetundikwa mbalimbali, na akasimama muda mrefu mbele ya picha ya mwanamke aliyebeba kuni. Mwanamke yule hakuchorwa uso. Bi Tatu alikuwa amepita haraka akisema mchoraji alichoka kabla hajamaliza, lakini mama alihisi kwamba kama angekuwa na uso, asingekuwa na sababu ya kusimama pale. Walipelekwa pia kwenye bustani ya michezo ya watoto, akapandishwa kwenye bembea kubwa inayozunguka, na alipofika juu akaona mji wote, mabati na minara na bahari, akanikumbuka mimi. Hilo alilisema akinitazama, nami nikaona aibu ya furaha mbele ya watu. Lakini alipofika kwenye ukumbi sauti yake ilibadilika. Alisema walicheza, na watu wakakaa kimya gizani. Hakuna aliyeitikia. Hakuna aliyesimama. Yeye alitupa kiitikio kama alivyozoea na hakikurudi. Akadhani wamewaudhi watu, akacheza mpaka mwisho kama mtu anayecheza mbele ya ukuta, na walipopiga makofi baadaye hakujua wanashangilia nini. Kwa maoni yake, ulikuwa ukumbi mzuri uliokosa watu, ingawa ulijaa.

Bi Tatu alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema kwa utulivu kwamba yeye hajawahi kuona mahali pazuri kama pale. Viti vya kitambaa chekundu vilivyopangwa kwa mteremko, hata mtu mfupi haonewi. Taa zilimmulika mpaka hakuona uso wa mtu yeyote. Na ule ukimya ambao mama aliuogopa, yeye aliupenda kuliko vyote.

"Tangu nianze kuimba," alisema, "ile ndiyo mara ya kwanza kuusikia mwisho wa sauti yangu."

Mtu mmoja akauliza habari za chakula, na mazungumzo yakaendelea. Lakini mama na Bi Tatu hawakuendelea. Wiki iliyofuata Bi Tatu alikuja uani akasema kikundi sasa kicheze kwa mpango. Kuwe na viti, watu wakae, wasiitikie mpaka wimbo uishe, wasiingie katikati. Mama akamwambia ngoma bila watu ni mazoezi. Bi Tatu akamwambia watu wamezoeshwa vibaya, wanakuja kupiga kelele zao wenyewe. Mama akamwuliza kama kukaa Dar siku chache kumetosha kumfanya auone mtaa wake ni kelele. Hawakupandisha sauti, na ndiyo maana niliogopa zaidi. Bi Tatu alichukua kanga yake kwenye kamba, akapita mlango wa nyuma, na hakuja kesho yake wala siku zilizofuata.

Sijui kama wakubwa wanajua jinsi ugomvi wao unavyokaa kwenye mwili wa mtoto. Nywele zangu zilifumuka na mama hakuwa na mkono wa kusuka, lakini sikuthubutu kwenda nyumba ya pili. Ua ulikaa kimya. Mjomba alijaribu kwenda huku na huku. Akitoka kwa Bi Tatu anakuja kwetu na salamu ambazo nadhani alizitunga mwenyewe. Wanawake wengine wa kikundi waligawanyika, wengine wakisema mama ana haki, wengine kwamba Bi Tatu ndiye mwenye sauti na bila yeye hakuna kikundi. Nilimsikia bibi akimwambia mama kwamba urafiki kama ule haupatikani sokoni, na mama akajibu kwamba si yeye aliyeondoka.

Bi Tatu hakurudi nyuma. Aliomba ukumbi wa shule moja huko Mwanga, Ijumaa alasiri, akatangaza kwamba ataimba. Mabenchi yalipangwa mistari kama darasani. Mama alisema hana nafasi ya kwenda, ana kufua. Akaniruhusu niende na bibi. Ukumbi ulijaa, kwa sababu watu walitaka kuona ukimya wa Dar unafananaje. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Watu walibanana wakicheka kwa chini, mtoto alikohoa kwa makusudi, mama mmoja alianza kigelegele akajiziba mdomo. Bi Tatu alisimama mbele amevaa kanga zake za sikukuu, akasubiri. Alisubiri mpaka watu wakachoka kucheka. Kisha Mjomba akaanza kupiga, kwa viganja tu, taratibu, na Bi Tatu akaanza wimbo wa kuagia mwali, ule ambao sote tuliujua toka tumboni, wenye kiitikio cha *nenda salama, mwali, nenda salama*.

Tuliujua kiitikio. Beti zake hatukuzijua. Siku zote harusini, akifika kwenye beti, watu walikuwa bado wanaitikia, vigelegele vinapanda, bibi harusi analia, na sauti yake ilipita juu yetu kama sehemu ya ile shangwe. Siku ile, kwa mara ya kwanza, tulisikia maneno. Alikuwa anamwambia mwali kwamba angemfunga kanga kwa mikono yake. Angempaka hina, angemchagulia jina la mjukuu. Kisha akaimba:

*Ningelia mlangoni, nawe ukinicheka,*
*mwanangu wa kwanza, lakini hukukua.*

Bibi alinishika mkono kwa nguvu. Ukimya uliokuwa wa kuigiza ukawa wa kweli. Katika mtaa wetu, ambako kila mtu alijua nani kapika nini, hakuna aliyejua kwamba Bi Tatu alizaa, na kwamba kila binti aliyemwimbia, mwaka baada ya mwaka, alikuwa anamuaga kwa maneno aliyomwekea mwanawe. Alimaliza ubeti, akanyamaza, na hakuna aliyeitikia, kwa kuwa ndivyo tulivyokatazwa. Alisimama pale mbele akitutazama. Hapakuwa na taa za kumficha nyuso zetu. Nilimwona akifungua mdomo aendelee na sauti isitoke.

Kiitikio kilitoka mlangoni. Niligeuka nikamwona mama amesimama pale na mikono yenye povu la sabuni, kanga imelowa kiunoni. Sijui alifika saa ngapi. Aliimba peke yake, *nenda salama, mwali*, akitembea katikati ya mabenchi, akafika mbele, akasimama karibu na Bi Tatu bila kumgusa. Wakaumaliza wimbo pamoja, mmoja akiimba na mwingine akiitikia, sisi sote tumekaa. Hakuna aliyeambiwa asimame. Ulipoisha, watu walisimama wenyewe.

Nje, chini ya ukuta wa shule, mama alimwuliza kwa nini hakuwahi kumwambia. Bi Tatu alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nilikuwa nawaambia kila harusi, Mama Zuhura," alisema. "Nyinyi ndio mlikuwa mnapiga kelele."

Mama alitazama chini, halafu nikaona mabega yake yanatikisika, na nilipodhani analia nikagundua wote wawili wanacheka. Walicheka kama watu waliochoka. Kisha Bi Tatu akanivuta karibu, akanigeuza kichwa, akaiangalia misuko iliyofumuka, akamwuliza mama kama amekusudia kumpeleka mtoto msituni.

Toka siku ile kikundi kilianza kila ngoma kwa wimbo mmoja wa kusikilizwa. Bi Tatu aliimba, watu wakanyamaza hata barabarani, hata wauza karanga. Ukiisha, Mjomba anabadilisha mkono, na kila mtu anaingia katikati kama zamani. Jina la yule mtoto tulilijua baadaye, alikuwa Asha, na mabinti kadhaa waliozaliwa mtaani kwetu miaka iliyofuata wamepewa jina hilo.

Mimi sasa naishi Dar es Salaam, nafundisha. Ule ukumbi nimeuingia mara nyingi. Viti vimebadilishwa kitambaa, na kabla ya kwenda siku hizi nafungua simu kusoma maoni ya waliotangulia: mmoja anasema sauti ilikuwa safi, mwingine anasema maegesho ni madogo, mwingine juisi ni ya moto. Nayasoma na yananisaidia. Lakini siwajui wenye maoni hayo, na siwezi kuwauliza walipokaa kimya gizani walikuwa wanamkumbuka nani. Nyumbani kwetu maoni yalikuja na mtu wake. Ulijua kwa nini yule alipenda sakafu na huyu akapenda ukimya, na kama hukujua, ungejua siku moja. Sidai kwamba zamani ilikuwa bora. Bi Tatu, Mungu amrehemu, asingekubali nidai hivyo. Yeye alikwenda ugenini, akaona kitu kizuri, akakileta, na akakipigania mpaka tukakipokea. Nafikiri mtaa wetu ulikuwa mzuri zaidi baada yake.

Likizo iliyopita nilimpeleka binti yangu Ujiji kwa mara ya kwanza akiwa na akili ya kukumbuka. Amezaliwa Dar, amezoea bustani zenye milango na fukwe zenye walinzi, na anajua kwamba kengele ikilia watoto wote hushuka kwenye bembea. Mama, ambaye sasa anatembea polepole, alitusindikiza mpaka ziwani, tukakaa juu ya mawe tukimwangalia anavyoruka na watoto wa pale ambao tayari walikuwa wamempa jina la utani. Jua lilipoanza kuinama upande wa Kongo alikuja kwetu mbio, maji yanamchuruzika, uso una wasiwasi kidogo.

"Mama," aliniuliza, "hapa wanafunga saa ngapi?"

Nikamwambia hapafungwi. Alimtazama bibi yake kuhakikisha kwamba simtanii, na bibi yake alipotikisa kichwa kukubaliana nami, akageuka, akarudi majini.