Nani Anagonga Ukuta?

Iko siku moja haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa mke mchanga hapa mtaani Mkomani, nikiishi na mavyaa wangu, Bi Salma, huku mwanawe, mume wangu, akifanya kazi Mombasa. Mimi nilishona kofia za mkono, na wakati ule nilikuwa na kofia ya kaka yangu, aivae siku ya nikaha yake.

Nilidhani kufanyia kazi nyumbani ni raha tupu. Hakuna jua, hakuna wa kukuharakisha. Basi nikaacha kutoka. Sokoni akawa anakwenda mavyaa, na nikialikwa natuma salamu tu.

Nikaanza kuamka nimechoka, na sijainua hata ndoo. Nikishona vitundu viwili vya nakshi, nainuka kutazama birika. Nikirudi, sindano siioni. Nikiiona, nakumbuka nguo zilizoanikwa. Magharibi inaadhiniwa na kofia iko pale pale, kichwa kinaniuma kama mtu aliyeshinda akilima. Nililia, mwanangu, nikiona mikono yangu imenisaliti na nikaha inakaribia.

Tena kulikuwa na jambo likinikera. Kila baada ya adhuhuri ukuta wa chumba changu uligongwa kutoka upande wa pili. Ko, ko, ko. Kimya. Halafu tena.

Siku hiyo ninayokuhadithia, ukuta ukigongwa, Bi Salma alikuja akasimama mlangoni, akasikiliza.

"Zuhura, hiyo ni sauti ya nini?"

"Sijui, mama. Labda wanatwanga."

"Hujui? Ukuta ni mmoja na hujui? Weka sindano, uvae buibui, ushike ndia ukaulize."

Nikajitetea kwamba nina kazi. Akanijibu kwa upole, "Kazi gani? Tangu asubuhi nakuona wazunguka tu."

Nikatoka nimenuna. Jua likanichoma macho. Duka la kona lilikuwa limepakwa rangi mpya, wala sikujua lini. Nilipofika mlango wa pili nikapiga hodi, na kabla sijamaliza nikasikia mbio za miguu.

Alifungua msichana wa rika langu, mchi mkononi. Jina lake Mwanaidi, bi arusi kutoka Kizingitini. Mumewe alifanya kazi ya mashua kule Ras Kitau, akirudi jioni. Hakuwa na mtu amjuaye mjini.

"Ni wewe unayegonga?" nikamuuliza.

Akaona haya. "Nilitaka kujua kama kuna mtu. Nilisikia kikohozi tu."

Tulicheka, kisha yeye akalia, nami nikalia naye. Nikamuuliza habari za kwao, akanieleza babake, mvuvi, anavyowatunza kamba koche, wale kamba wakubwa, wasife kabla ya kuuzwa. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo maishani mwangu! Nikarudi nyumbani nimejaa maswali.

Tangu hapo tulitoka pamoja kila alasiri, hata kama ni kuzunguka mtaa tu. Asubuhi nikishona, nashona kweli. Kofia ilikwisha, upande mmoja umekwenda mshazari kidogo, na kaka aliivaa akitabasamu. Na Mwanaidi alipojifungua mtoto wa kwanza, mimi ndiye niliyemshika mkono.

Sasa nakuona wewe, mwanangu, na kompyuta yako. Unafanya kazi kitandani, unakula hapo hapo, kazi ikikushinda unashika simu, kisha unajiita mvivu. Si uvivu. Mtu huchoka kwa kuona kuta zile zile. Kila siku, kabla akili haijachafuka, toka. Usiende na simu. Msalimu mtu, uliza anafanya nini na anafanyaje, na umsikilize mpaka amalize. Kazi utaikuta, nawe utaikuta ukiwa mzima.

Mola akukunjue kifua, akuhifadhi macho na moyo, na kila utokapo akukutanishe na wema. Amin.