Nilivyoifundisha simu kumwita dada yangu kama Mama anavyomwita

Wakuu, salamu kutoka Tarime.

Hii sijasimuliwa na mtu, imenikuta mimi. Shahidi ni Mama yangu mzazi, na hivi ninavyoandika yuko hapa pembeni anachambua mboga huku akichungulia skrini. Nikitia chumvi, leo nakula ugali mkavu.

Naitwa Mwita, fundi simu hapa mjini. Kazi zangu ni vioo, chaji na kuflash. Sijasomea lugha, kwa hiyo wataalamu mnivumilie.

Mama alifanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, tunamshukuru Mungu, ila sauti haikurudi. Sasa anaandika kwenye simu na kukugeuzia kioo usome. Kwa mtu aliyekuwa anagombeza nyumba nzima akiwa shambani, lile lilikuwa pigo. Niliumia sana, sitaficha.

Ikaja siku ya dada yangu Bhoke kuolewa.

Nyumbani kwetu, binti akiondoka kwenda kwa mume, mama ndiye anambariki mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Anawataja bibi zetu waliotangulia, jina kwa jina, kisha anamwita binti na kumpa maneno ya kuondoka nayo. Hiyo kazi haifanywi na baba wala mchungaji.

Baba mdogo Marwa, msimamizi wa shughuli, akaja na ushauri wake. Shangazi angesema kwa niaba.

"Mama Mwita, wewe utakaa tu pale mbele, upumzike," akasema.

Mama akaandika, akamgeuzia kioo: "Sijafa."

Baba mdogo akaulizia kama chai imebaki.

Mimi na kimbelembele changu nikadakia kuwa simu itaongea badala yake. Mama akaniangalia kwa namna ambayo nilijua nimeshaahidi, hakuna kurudi nyuma.

Nikaweka app ya kusoma maandishi. Sauti ilikuwa ya dada mmoja, safi kama ya taarifa ya habari. Kiswahili alikimudu vizuri tu. Alipofika kwenye majina ya kwetu, ikawa balaa. Bhoke akawa "Boke", kama mtu anatema mbegu ya chungwa. Bibi Ghati akawa "Gati". Bibi Robhi sitaki hata kukumbuka.

Kwa msio wa huku: ile "bh" yetu midomo inakaribiana bila kugusana, pumzi inapita katikati. App itajulia wapi?

Nikahangaika mtandaoni mpaka nikakutana na IPA. Ni alama za matamshi, kila alama inabeba sauti moja tu, hata lugha iwe ipi. Nikapata programu ya laptop inayokuruhusu kuacha tahajia ya kawaida na kuiandikia alama hizo moja kwa moja. "Bh" yetu ni β. "Gh" ni ɣ. Nikabandika, nikabonyeza.

Wakuu, ikatoka Bhoke yenyewe! Niliruka hadi mteja aliyeleta simu ya kubadilisha chaji akadhani nimepigwa shoti.

Nikamaliza majina yote, nikaihamishia sauti kwenye simu. Nikampelekea shangazi, maana Kikurya chake ni cha kuzaliwa. Nikamwamkia, nikamsikilizisha.

"Marahaba. Eeh, huyu ni mtu wa kwetu kabisa," akasema. "Hata Ghati yake imekaa."

Nikaenda kwa Mama kifua mbele.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akaandika: "Huyo ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaandika tena: "Anaongea kama shangazi yako. Kama ni hivyo, si aongee shangazi yako mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa nilipokosea. Mama ni mtu wa Ikoma, kule karibu na geti la hifadhi. Aliolewa huku Tarime kabla sijazaliwa, na Kikurya chake hakijawahi kupoteza Ikoma yake. Anavuta majina. Akikuita "Mwita" unapata muda wa kuvaa viatu kabla hajamaliza. Mawifi zake wamemtania miaka yote, na yeye hajawahi kujirekebisha. Mimi nikajifanya fundi, nikamrekebisha.

Nikarudi dukani mpole.

Dawa ilikuwa kwenye simu yangu mwenyewe: voice notes zake za zamani. Za kuniita kula, za kuuliza kwa nini sipigi, za kulalamika kuhusu mbuzi wa jirani. Nilikuwa sijazifungua tangu upasuaji. Ya kwanza tu ilinitoa machozi, na sioni aibu.

Msiniulize kwa nini sikuikopi sauti yenyewe. Nyingi zina jogoo, redio na mbuzi huyo huyo.

Basi nikawa nasikiliza kipande, naandika alama, nasikiliza tena. Kuna alama ya kurefusha, ː, kama vipembetatu viwili vinatazamana. Kwa kuvuta kwake, Mama ameimaliza yote. Toni, yaani sauti kupanda na kushuka, ilinishinda, programu ilikataa, nikaacha. Ila mvuto wake niliupata, na pale anapopumua pia.

Safari hii alisikiliza, akanirudishia simu, akaenda kunitengea chakula. Nikajua nimepita.

Siku ikafika. Ndugu wamejaa, wakwe wametulia, Bhoke amekaa katikati kajifunika kitenge, kichwa chini kama alivyoelekezwa. Baba mdogo ameshika maiki, bado anamtupia shangazi jicho, just in case.

Mama akasimama, akabonyeza.

Sauti ilikuwa ya yule dada wa taarifa ya habari. Lakini Ghati ikavutwa. Robhi ikavutwa. Wazee wakainua vichwa. Upande wa mawifi nikasikia shangazi anashindwa kujizuia: "Huyu Mwikoma mpaka leo hajajifunza!"

Wakaangua kicheko. Ule utani hatukuwa tumeusikia tangu hospitali. Mama mabega yanatikisika, anacheka bila sauti.

Kisha simu ikaita: "Bhoooke!"

Na dada yangu, bibi harusi, ndani ya kitenge, akasahau maelekezo yote. Akaitika kwa nguvu kama yuko jikoni:

"Abee Mama!"

Hata baba mdogo alishusha maiki, akatafuta leso.

Nilichojifunza, wakuu: mashine unaweza kuifundisha itamke sawasawa, lakini muulize kwanza mwenye maneno, sawasawa ya nani. Na voice notes za wazazi msizifute kisa storage, futeni hata za magroup.

Wenye ujuzi wa kuingiza toni, njooni hapa chini mnisaidie. Wenye lafudhi za mama zao, nao waje tucheke.

Naishia hapa. Mama ameshaingia jikoni na mboga zake, na spika ya bluetooth niliyomuungia kwenye simu imeshaanza "Mwiii...", acha nivae viatu.