Vigingi Nilivyong'oa Kilimani

Siku niliyomfukuza afisa wa misitu shambani kwetu, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Baba alikuwa amefariki, akaniachia kilima kidogo huku nyuma ya Mitaboni, chenye msitu wa miti ya asili ambao yeye na babu walikataa kuukata. Mimi sikukataa. Nilikuwa nimeanza kuchoma makaa upande wa chini, na mvua ilipokuja udongo uliteremka hadi mlangoni.

Afisa huyo alikuwa mwanamke kijana aitwaye Ndunge. Alifika kwa baiskeli, akanieleza kwamba serikali ina mpango wa kuwasaidia watu wenye misitu yao wenyewe. Tungepewa miche bure, tufundishwe kuitunza, na tuelekezwe namna ya kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Niliitikia kwa kichwa bila kusikiliza. Akapigilia vigingi vinane kuonyesha matuta yatakapopita, akaahidi kurudi kesho yake.

Vigingi vile vilininyima raha. Babu yangu alipimiwa ardhi na mkoloni, na alipokwisha kupimiwa akahamishwa, ndipo akaja kuanza upya kwenye kilima hiki. Habari hiyo nililishwa pamoja na uji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndunge aliporudi alikuta nimeving'oa vyote, na mbele ya majirani nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia, maana sasa niko na wajukuu. Aligeuza baiskeli yake akashuka kilima.

Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa uani akisuka kiondo, na alisikia yote. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nilimwuliza yule mgeni hata swali moja kabla ya kumtusi. Nikamwambia niliogopa tuhamishwe kama babu.

"Kuogopa si dhambi, Mutua," akasema. "Dhambi ni kumtukana mtu kwa kosa la mwingine."

Kulipokucha aliniamuru nifunge vigingi vile kwa kamba na kuvibeba begani. Tulikwenda kwa miguu mpaka ofisini kwa Ndunge, mwendo wa saa mbili, yeye mbele mimi nyuma. Kila tuliyekutana naye aliniuliza kuni hizo nampelekea nani, na Mwaitu hakunisaidia kujibu hata mara moja.

Ndunge alitukaribisha viti. Nilimwomba msamaha, ingawa maneno yalitoka kwa shida. Hakunikemea. Aliuliza niliogopa nini, nikamweleza habari za babu. Ndipo akatoa karatasi ya ule mpango, akaisoma yote kwa Kikamba, polepole, kwa ajili ya Mwaitu ambaye hakujua kusoma. Hati ya shamba ingebaki kwa jina letu. Kazi yangu ilikuwa kuacha makaa, kuitunza miti iliyobaki na kupanda mingine. Mwaitu alimwomba arudie pale pa hati. Akarudia. Akaombwa tena, akarudia tena, bila kukunja uso.

Tulianza na mukau, mti wetu wa hapa Ukambani wenye mbao ngumu zisizoliwa na mchwa. Lakini mbegu yake ina kiburi, mwanangu. Imejifungia ndani ya kokwa gumu, na ukilipasua kwa pupa unaiponda. Ndunge alichuchumaa nami mchana kutwa akinifundisha kulipasua, kuikwaruza mbegu na kuilowesha. Mwaka ule ukame uliua zaidi ya nusu ya miche yangu. Alipokuja kukagua nilijificha kwenye zizi la mbuzi, nikidhani mpango umekufa na nimeaibika. Alinikuta humohumo. Alicheka kidogo, akasema jua halimwogopi mtu, na miche mingine ipo. Tukapanda tena, safari hii kwenye mashimo mapana yanayoshika maji, na ile ikashika.

Paa la nyumba hii ni mukau wa kilima kile. Viti vya kanisa letu pia. Na juu kabisa, kwenye miti ya babu, nina mizinga ya nyuki.

Sasa nikuambie linaloniuma. Ilinichukua maisha karibu yote kumshukuru Ndunge. Juzi juzi nilisikia amestaafu na yuko kwao, si mbali na hapa. Nikachukua asali, nikamtafuta. Nilimwambia sina shida yoyote, nimekuja kusema asante tu. Aliipokea asali akaiweka kando.

"Watu walikuja kulalamika," akasema. "Wa kushukuru, katika kazi yangu yote, mmekuja wawili."

Nikamwuliza wa kwanza alikuwa nani.

"Mama yako. Alikuja peke yake na ndengu za mavuno, miche iliposhika. Alinikataza kukuambia. Alisema njia ya kuja kushukuru utaijua mwenyewe."

Mwaitu alikuwa amezikwa miaka mingi. Nililia pale, mzee mzima na mvi zangu, na Ndunge akaniacha nilie.

Basi sikia, mwanangu. Wengi wenu mnafanya kazi Athi River na Syokimau, na mashamba mmeyaacha nyumbani. Afisa akija na mpango, usimfukuze kwa hofu, wala usitie sahihi kwa haraka. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji naye amwulize mgeni. Karatasi isomwe kwa lugha unayoielewa, hata mara tatu. Ukikosea, rudi kwa miguu yako mwenyewe. Na ukisaidiwa, shukuru mapema, mtu angali anasikia.

Mungu akupe jirani wa kukuonya na mgeni wa kukufaa. Mvua ikukute umeshapanda, na watoto wako wapumzike chini ya kivuli ulichokitunza. Amina.