Mkaja wa Mama

Juzi mjukuu wangu kaolewa, na mkaja wa mama yake ukaletwa ndani ya bahasha. Bahasha, ile ya kutilia barua, na ndani yake noti. Binti yangu, ambaye ndiye mama wa bibi harusi, akaipokea, akaitia mkobani, akarudi kupiga picha. Nikamuuliza, "Hiyo utajifunga vipi kiunoni, mwanangu?" Wakacheka wote, wakadhani bibi yao anatania. Sikuwa natania. Mimi kwa ajili ya mkaja nilikaribia kuivunja ndoa yangu mwenyewe, shehe ameshakaa mkekani na pilau linatokota uani.

Kwa wasiojua, mkaja ni kitambaa. Mwanamke akishajifungua hufungwa tumbo kwa kitambaa kirefu, kikakazwa na mkunga au na mama yake mzazi, ili tumbo lirudi na mgongo upate nguvu. Binti yake akija kuposwa, upande wa mume humletea mama huyo kitambaa kingine, kama kumwambia: tunajua ulivyotaabika. Zamani zetu hapa Tanga kililetwa kitambaa chenyewe, bafta nyeupe, imekunjwa juu ya sinia na asumini zimetawanywa juu yake. Ukikishika unajua umeshika kitu.

Mimi nilizaliwa na mama wa Kigombe ambaye sikupata kumwona. Alinizaa, akafungwa mkaja wake, na arubaini haijatimia akafariki. Nyumbani kwetu Chumbageni baba alikuwa na mke mwingine, mke mkubwa, ambaye hakujaliwa kuzaa. Mtoto wa mke mwenziwe akatiwa mikononi mwake. Watu wakasema atanilea kwa kinyongo. Thubutu. Alininywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko, akanibeba mgongoni huku akitwanga, akanipeleka chuoni kusoma Kurani na mvua ikinyesha akaja kunichukua na mwavuli wa baba. Nilimwita mama, na sikujua kama lipo neno jingine la kumwita.

Wanawake wa mtaani walilijua. Kwetu mwanamke akishapata mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake, mama fulani. Yeye hawakumwita hivyo hata siku moja. Walimwita bi mkubwa, basi, na ukiwasikiliza vizuri utasikia dharau ndani yake. Mwenyewe alijifanya hasikii. Lakini siku moja niliingia chumbani ghafla, nikamkuta ameikunja kanga ikawa nyembamba ndefu, ameizungusha tumboni, amesimama mbele ya kioo anajitazama. Aliponiona akaifungua upesi. "Mgongo waniuma," akasema. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga.

Nikakua, nikaposwa. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, mambo yameshaanza kugeuka. Mchumba wangu alikuwa karani wa stesheni, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni, ana baiskeli yenye taa. Alitaka siku ya harusi tupigwe picha tumekaa vitini, mume na mke bega kwa bega, kama wafanyavyo wakubwa. Wazee walinung'unika wee, mwisho wakakubali. Viti walivikubali. Mkaja ndio uliowashinda.

Bibi yangu, mama wa marehemu mama, alikuja kutoka Kigombe na kikapu cha papa mkavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mke mwenzangu," akanivuta shavu. Nilimpenda sana bibi yule. Lakini sinia la mkaja lilipoingia, kabla hata halijawekwa chini, aliweka mkono juu yake.

"Huu wangu," akasema. "Tumbo lililombeba mtoto huyu nililifunga mimi kwa mikono yangu, na nikalizika mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Baba akaitisha wazee barazani. Wakasemezana, wakatoka na neno moja: mkaja ni haki ya tumbo, na mwenye tumbo akiwa amefariki, hurudi kwa mama yake. Mwacha mila ni mtumwa. Mama alikuwa uani akinisagia liwa, ule mti wa manukato wa kunisinga mwilini, na maneno yote aliyasikia. "Wamesema kweli," akasema, akaendelea kusaga. Akasaga, akasaga, liwa ikawa uji.

Nikamuuliza, "Mama, wautaka?"

"Niufanyie nini mimi, mwanangu? Kitambaa tu kile." Akageuza uso upande wa ukutani. Hapo nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vyaniwasha.

Ikafika siku ya ndoa. Nimekaa kitandani nimefunikwa shuka gubigubi, somo yangu, yule mwanamke aliyenifunda, yuko ubavuni. Bibi kakaa mkekani, sinia limeegemea goti lake. Mama hakuingia. Alisema kazi ni nyingi jikoni.

Baba akaja mlangoni na mashahidi wawili, ami yangu na jirani yetu mmoja, kunitaka idhini. Nyote mnaijua desturi hii: mwari huulizwa, naye hajibu. Kunyamaza kwake ndiko kukubali. Akilia kidogo ni vizuri zaidi. Akitamka wazi wazi kuwa ndiyo, wataambiana kuwa hana haya. Baba akasafisha koo, akauliza, "Binti yangu, wanipa idhini nikuozeshe?" Somo akanifinya mkono kunikumbusha ninyamaze.

Nikasema, "Sijatoa."

Uani kulikuwa na mtu anakoroga sufuria. Nikasikia mwiko umesimama.

"Wasema nini?" baba akauliza.

"Nasema mkaja haujafika kwa mama. Ukifika, uniulize tena."

"Mama yako ni marehemu."

"Aliyenizaa ni marehemu, Mungu amrehemu. Aliyenilea yuko nje anakuna nazi za harusi yangu. Kulea mimba si kazi, baba. Kazi kulea mwana."

"Wanifedhehesha mbele ya watu."

"Umeniuliza, baba. Nami nina mdomo."

Ami yangu akakohoa, na nadhani kilikuwa kicheko. Msidhani sikuogopa. Nilijua shehe yuko barazani, wakwe wako barazani, na karani wangu yuko nao ndani ya kanzu mpya. Lakini sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo najivunia mpaka leo.

Aliyenitia hofu kuliko wote ni bibi. Nikainua shuka kidogo nimtazame, nikitazamia laana. Alikuwa anapapasa ile bafta kwa vidole, polepole.

"Mimi nilidhani nikiuchukua," akasema, "nitakuwa na kitu cha mwanangu." Kisha akasema, "Mwiteni."

Mama akaingia, mikono myeupe kwa nazi. Alidhani ameitwa anikanye, akaanza, "Mwanangu, usinitie aibu, mnyamazie baba yako." Bibi akainuka, akamkata kauli.

"Simama hapa. Inua mikono."

Akaikunjua bafta. Akamzungushia tumboni juu ya kanga, mzunguko juu ya mzunguko, akaweka goti lake kwenye nyonga ya mama na kuvuta, kama wavutavyo wakunga. Alikuwa mzee, lakini mikono ilikuwa haijasahau.

"Mama, wanibana," mama akasema.

"Mzazi hufungwa hivi. Tulia."

Mama akatulia. Machozi yakamtoka, hakuyafuta kwa sababu mikono bado ilikuwa juu. Bibi naye alikuwa analia, na huku anavuta. Sote mle chumbani tulilia, hata somo aliyekuwa amenikasirikia. Bibi akafunga fundo, akalijaribu kwa kidole, akampiga mama kofi dogo la mgongoni, na akamwita kwa jina langu. Mama fulani, akamwita, na fulani huyo ni mimi.

Baba alikuwa angali amesimama mlangoni na mashahidi wake. Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akasafisha koo, akaniuliza tena.

Safari hii nilinyamaza.