Walii wa Hatua Saba

Shangazi yangu Hniya hakujaliwa mtoto, na kwa miaka thelathini na minne aliamini anajua kwa nini. Alipokuwa bibi harusi, kwenye mavuno yake ya kwanza, alijisahau. Sisi wanawake wa huku huvaa pembe za mbuzi vidoleni kuchania matawi ya mizeituni. Basi yeye, kwa utoto tu, akazipitisha juu ya kaburi la walii wetu Sidi Twil, yaani Bwana Mrefu, zikalia kwaruu. Weee! Mabibi wa kijiji wakamwambia amemkwaruza walii, asahau watoto. Mumewe alikufa bila kumlaumu hata siku moja. Alijilaumu mwenyewe.

Kichwani mwa kaburi mawe mawili yamesimama wima, miguuni jiwe kubwa mno, na kutoka kichwani hadi miguuni hatua saba. Hakuna aliyeuliza ni mtu gani huyo wa hatua saba. Kila Novemba Shangazi alichukua mafuta ya kwanza, ya kijani, yangali na uvuguvugu, akayamimina kwenye mfereji uliochongwa jiweni hapo kaburini, akiomba radhi. Ukungu umetanda, mafuta yanatambaa polepole, naye ananong'ona, ananong'ona, mpaka mimi nasinzia nimesimama.

Mwaka huu wakaja wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Rim, binti wa kutoka mjini Tunis. Chini ya mizeituni yetu wakafunua sakafu ya vijiwe vya rangi, ya jumba la tajiri wa Kirumi. Walipomkaribia walii, Shangazi akaenda kukaa juu ya lile jiwe kubwa, pembe zingali vidoleni.

"Hapa huchimbi, mwanangu. Nilimkosea mara moja, yatosha."

"Mama, hapa hajalala mtu," Rim akasema taratibu. "Hapa walikuwa wakikamua mafuta. Gogo refu lilishikwa na yale mawe mawili, likavutwa chini kukandamiza zeituni, kwa kamba zilizofungwa kwenye hilo ulilokalia."

"Hii si miguu yake?"

"Ni uzito tu, mama."

"Ndiyo maana alikuwa mrefu hivyo!" nikadakia. Shangazi akanikata jicho.

Lakini moyoni niliwaka. Miaka yote hiyo! Wale mabibi, kama ningeweza kuwafufua, ningewafufua niwagombeze mmoja mmoja.

"Na mfereji huu?" Shangazi akauliza.

"Wa kupitisha mafuta."

"Mafuta tu?"

"Mafuta tu, mama."

Ukungu ulikuwa umetufunika, hata mizeituni ya karibu ilionekana kwa shida, na nilimwogopea, maana aliyekuwa akizungumza naye maisha yake yote alikuwa ameondolewa mbele ya macho yake. Akazivua pembe, moja moja, akaziweka mapajani. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Basi hakuna aliyeninyima," akasema. "Jamani, hakuna hata aliyenikasirikia."